Pete Ilikuwa Namba Ngapi? Kuchagua Skopu ya Bapa la Kwanza au la Pili

Mpwa wangu anaishi Colorado, na ugonjwa wa ukoo wetu umemfuata hadi huko: anawinda. Mwaka jana mwezi wa tisa alinitumia picha mbili za skopu, ile darubini ya kulengea inayofungwa juu ya bunduki, saa ambayo huku majogoo yalikuwa yanaanza kuwika. Kampuni moja, ukuzaji mmoja wa 4 hadi 16, lenzi ya mbele milimita 44 zote mbili. Chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Moja imeandikwa FFP, nyingine SFP. Ya FFP imezidi bei. Nichukue ipi?"

Nikamjibu kwa swali. Mara ya mwisho ulipoangusha mnyama, pete ya zumu, ile ya kukuzia picha, ilikuwa kwenye namba ngapi?

Akakaa kimya kidogo. Halafu: "Sikumbuki mjomba. Labda 9?"

Nikamwambia basi usinunue chochote kwanza.

Nimefanya kazi kambi za uwindaji wa kitalii tangu 2003. Nilianza kama treka, mfuata nyayo, nikapanda kubeba bunduki za wageni, mwishowe nikapata leseni ya mwindaji bingwa. Miaka yote hiyo nina daftari. Naandika mnyama, umbali, aina ya risasi kama wenzangu wanavyoandika, lakini naongeza safu moja ambayo wageni huishangaa: namba iliyokuwa kwenye pete risasi ilipotoka. Safu hiyo imenifundisha kuhusu skopu kuliko vipeperushi vyote vya madukani, na ndiyo nitakayoitumia hapa.

Kwanza tuelewane hivi vitu viwili ni nini, maana hata wageni waliolipia skopu bei ya pikipiki wengi hawajui walichonunua.

Chukua simu yako. Fungua picha ya ng'ombe, chora mstari kwa kidole kuanzia begani hadi kwatoni, uihifadhi. Sasa ikuze kwa vidole viwili. Ng'ombe anakua, mstari unakua naye, na bado unaanzia begani na kuishia kwatoni. Hilo ndilo bapa la kwanza, FFP (first focal plane). Sasa chukua simu yenye ufa kwenye kioo, kama hii yangu. Kuza picha utakavyo, ufa haukui hata chembe. Picha ikiwa ndogo, ufa unapita juu ya ng'ombe mzima. Ukiikuza, ufa uleule unafunika sikio tu. Hilo ndilo bapa la pili, SFP (second focal plane).

Ndani ya skopu mambo ni hayohayo. Lenzi ya mbele inaleta taswira iliyopinduka kichwa chini. Katikati kuna mrija mdogo wenye lenzi za kuisimamisha, na unapozungusha pete, lenzi hizo zinasogea na kuikuza. Msalaba, yaani mistari ya kulengea, ukiwa mbele ya mrija huo, unakuzwa pamoja na mnyama. Ukiwa nyuma yake, karibu na jicho lako, mnyama anakuzwa peke yake na msalaba unabaki na unene uleule siku zote. Kwa hiyo ukiwa dukani na sanduku halina herufi, zungusha pete tu huku unachungulia. Msalaba ukivimba na kusinyaa, ni bapa la kwanza. Ukitulia, ni la pili.

Sasa kwa nini hilo likuhusu? Kwa sababu ya alama zilizo kwenye msalaba. Skopu nyingi siku hizi zina vijistari au nukta chini ya kati na pembeni, kwa ajili ya kufidia risasi inaposhuka au upepo unapoisukuma. Vijistari hivyo hupimwa kwa mili au kwa MOA, vipimo viwili vya pembe. Mimi natumia mili kwa kuwa hesabu yake ni ya sisi tuliokua na mita: mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, sentimita 20 kwa mita 200, sentimita 30 kwa mita 300. MOA moja ni karibu sentimita 2.9 kwa mita 100. Chagua unayoipenda, mradi msalaba na tureti, kile kifundo kinachozungushwa kusogeza mahali pa kupiga, viongee lugha moja. Skopu yenye msalaba wa mili na tureti ya MOA usiichukue hata ukipewa bure.

Kwenye bapa la kwanza, mili ni mili pete ikiwa popote. Kwenye bapa la pili, mili ni mili kwenye namba moja tu ya pete. Mara nyingi ni namba kubwa kuliko zote, ila siyo kila skopu, na zipo zilizopimwa kwa 10 ilhali zinafika mbali zaidi. Kijitabu kinasema. Ukishuka chini ya namba hiyo, alama zinadanganya, na zinadanganya kwa hesabu inayojulikana: gawanya namba ya kweli kwa namba uliyopo, ndivyo alama ilivyovimba. Skopu ya kweli kwenye 16, ukiwa kwenye 8, kila mili inasimama badala ya mbili. Ukiwa kwenye 4, inasimama badala ya nne.

Hesabu hiyo karatasini ni ya mtoto wa darasa la tano. Porini, mnyama akiwa anakutazama, nimeona daktari wa upasuaji akishindwa nayo.

Ilikuwa upande wa Longido, kaskazini mwa Tanzania, nyika tupu, saa tano asubuhi jua limeshapanda. Mgeni wetu alikuwa na .300 Win Mag, risasi ya grain 180, tumeipiga ziro mita 200, yaani tumeirekebisha ipige pale inapolengwa kwa umbali huo, jioni ya kwanza kambini. Bunduki safi, mpigaji mzuri. Skopu yake ilikuwa ya 6 hadi 18, bapa la pili, yenye nukta za umbali chini ya kati. Tulimpata swala granti dume amesimama ubavu, kipima masafa kikasoma mita 300. Mgeni akalala nyuma ya kichuguu, akaegemeza bunduki kwenye mkoba. Hadi hapo kila kitu kimekwenda kama kitabu.

Alianza na pete kwenye 18. Lakini nyika ile saa tano inatoa mazigazi, na ukikuza mnyama mara 18 unayakuza na mazigazi pia. Yule granti alikuwa anachemka kama maji ya ugali. Mgeni akashusha pete mpaka mwisho, kwenye 6, picha ikatulia. Akaweka nukta ya kwanza begani, nukta ya mita 300 kama alivyofundishwa, akavuta triga taratibu. Vumbi likatimka nyuma kabisa ya granti, juu. Granti akaruka mara moja, akageuka, akaenda zake.

Hesabu yake hii hapa. Nukta ile ya kwanza ilikuwa 0.6 ya mili, yaani sentimita 18 kwa mita 300, karibu sawa na risasi yake inavyoshuka kwa umbali huo. Lakini ilikuwa sentimita 18 pete ikiwa kwenye 18. Kwenye 6, nukta ileile ilikuwa sentimita 54. Risasi ikapita sentimita 36 juu ya alipotaka. Granti dume ni mkubwa kwa swala, ila hana kifua cha kumeza kosa la ukubwa huo.

Alilaumu bunduki. Wote hulaumu bunduki. Jioni kambini nikamfanyia kipimo ambacho tangu siku hiyo nakifanya kwa kila mgeni kabla hatujatoka, na nakuomba nawe ukifanye hata kama una skopu tayari.

Pima mita 100 kamili kwa tepu, usikadirie kwa hatua. Bandika karatasi ya A4 kwenye boksi, imesimama. Urefu wake ni sentimita 29.7, ambazo kwa umbali huo ni mili 3 kasoro uzi. Toa risasi zote, toa na bolti kabisa, uiweke mezani watu waione. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga isitikisike. Weka kati ya msalaba kwenye ukingo wa juu wa karatasi, halafu hesabu alama za mili hadi ukingo wa chini. Skopu ya bapa la kwanza itakupa tatu kwenye namba ndogo, tatu kwenye ya kati, tatu kwenye kubwa. Ya bapa la pili itakupa tatu mahali pamoja tu, na ukishusha pete nusu ya hapo, karatasi nzima inamezwa na alama moja na nusu.

Skopu ya mgeni wangu haikuwa na mili, ilikuwa na nukta, kwa hiyo nilichora mistari kwa kalamu nene kila sentimita 6. Kwenye 18, nukta ya kwanza ilikaa juu ya mstari wa kwanza barabara. Nikamwambia asiondoe jicho, nikazungusha pete mimi mwenyewe, polepole, kuelekea 6. Aliiona nukta inatembea kwenye karatasi: mstari wa kwanza, wa pili, ikafika wa tatu. Hakusema kitu. Akainua kichwa, akaomba chai.

Kwa yule mgeni na nyika ile, bapa la kwanza lingekuwa sahihi. Sababu yenyewe ni jua, ambalo vipeperushi hawalitaji. Umbali tu usingetosha kuwa sababu, maana kwa umbali unaweza kusema nitapandisha pete hadi mwisho kila mara. Huwezi. Kuanzia asubuhi ikishakomaa hadi jioni, nyika zetu zinakulazimisha kushusha zumu ili uone, na hapo alama za bapa la pili zinakugeuka. Anayewinda choroa na granti Umasaini, au anayepiga mabamba ya chuma uwanjani kwa umbali unaobadilikabadilika, anahitaji alama zisizojali pete iko wapi. Ndiyo maana wale wa mashindano ya Marekani ya kupiga mbali, wanaohama kutoka shabaha hadi shabaha wakishindana na saa, karibu wote wamekwenda bapa la kwanza.

Kuna faida nyingine ndogo naipenda kama treka wa zamani. Ukiwa na mtu pembeni anayekutazamia risasi kwa skopu yake, akisema "kushoto nusu mili", wewe unasogea nusu mili na kupiga. Kama skopu zote mbili ni bapa la kwanza, hakuna anayemuuliza mwenzake pete yako iko wapi.

Ungeishia kusoma hapa ungekimbilia FFP. Ngoja nikupeleke Rungwa.

Miombo ya Rungwa haina nyika ya kutazama mita 300. Konzi, palahala, korongo, nyati, wengi unawakuta ndani ya mita 100 na kidogo, katikati ya vijiti na majani na kivuli. Kurasa za daftari langu za huko zina namba ndogo tupu kwenye safu ya pete: 3, 3, 4, 2, 6, 3. Na kwa umbali huo hakuna anayetumia alama. Unaweka kati, unapiga.

Msimu mmoja tulikaa kwenye kibanda cha chui, kando ya mto wa mchanga, chambo kimefungwa juu ya mkuyu mita 60 hivi kutoka tulipo. Mgeni alikuja na skopu ya 5 hadi 25, lenzi ya mbele milimita 56, bapa la kwanza, kioo cha hali ya juu kabisa. Chui akaja kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanga unakimbia. Dume, shingo nene, amejilaza kwenye tawi kana kwamba analipwa kwa kulala. Mgeni akaweka jicho, akakaa, akakaa. Kisha akaninong'oneza: haonekani.

Chui? La, msalaba. Kwenye 5, msalaba wa skopu ile ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui, na nyuma yake kulikuwa na madoa ya chui na gome la mti gizani. Taa ndogo ya msalaba ipo, akaiwasha, haikuwaka. Betri ya CR2032 imekufa, ya akiba iko kambini kwenye begi. Nikamwekea mkono begani, ashushe bunduki. Tulirudi bila kufyatua, na chui yule hatukumwona tena.

Kuna jambo ningeweza kumwambia siku ile ambalo sikulijua, na mpaka leo linaniuma. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa namba ya pete, unapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Kwenye 5 duara lake lilikuwa zaidi ya milimita 11. Mboni ya mtu gizani haifunguki zaidi ya milimita 7 hivi, na ya mzee hata hazifiki. Kwa hiyo angepandisha pete hadi 8, duara lingekuwa milimita 7, asingepoteza mwanga wowote ambao jicho lake lingeweza kuutumia, na msalaba ungenenepa kwa zaidi ya nusu. Pengine angeuona. Kama una skopu ya bapa la kwanza na huna hela ya kubadilisha, shika hilo: jioni usikimbilie namba ndogo kuliko zote.

Wajerumani na Waaustria wa zamani walilijua tatizo hili na walilitibu kwa njia yao. Wao walikaa na bapa la kwanza miaka mingi, lakini msalaba wao, ule unaoitwa namba 4, una nguzo tatu nene zinazokuja kutoka pembeni na chini, kwa ajili ya nguruwe pori usiku wa mbalamwezi. Mzee mmoja kutoka Austria alikuja na skopu yenye umri mkubwa kuliko mimi. Kwenye namba ndogo ulikuwa msalaba mzuri kuliko yote niliyowahi kuchungulia. Kwenye namba kubwa zile nguzo zilikuwa kama za TANESCO, swala pala mita 200 unamtafuta nyuma yake. Wamarekani wakaenda bapa la pili, na mwaka 1962 Leupold wakaleta msalaba wao wa Duplex, nene pembeni, mwembamba katikati, unaobaki hivyohivyo pete ikiwa popote. Kwa mtu anayepiga kati tu, nadhani bado hakuna aliyebuni kitu bora zaidi.

Sasa kwenye tureti, mahali ambapo vijana wengi wanadanganyana. Mpwa wangu alikuwa amesikia kwamba kwenye bapa la pili ni lazima uwe zumu ya mwisho ndipo kliki za tureti, zile hatua zake ndogo, ziwe za kweli. Hapana. Kliki ya 0.1 mili inasogeza sentimita 1 kwa mita 100, bapa la kwanza au la pili, pete kwenye 4 au 16. Tureti haijui pete ipo wapi. Kinachodanganya ni alama za msalaba peke yake. Kwa hiyo kama mtindo wako ni kupima umbali kwa kipima masafa, kusoma kikaratasi kilichobandikwa kwenye kitako, kuzungusha tureti, kisha kupiga kwa kati, hoja kubwa ya kulipia bapa la kwanza imepungua nguvu.

Imepungua, haijaisha, kwa sababu ya upepo. Watu wengi huzungusha tureti kwa kushuka kwa risasi, lakini upepo wanaufidia kwa alama za pembeni, maana upepo unabadilika kabla hujamaliza kuzungusha. Upepo wa wastani unaokata ubavuni unaweza kuisukuma ile .300 sentimita kumi na kitu kwa mita 300. Ukiufidia kwa alama za bapa la pili pete ikiwa nusu, umefidia mara mbili, umekosa upande wa pili. Hapa ndipo mtu ajiulize kwa ukweli: nikiwa mbali kiasi cha kuhitaji alama, nitakuwa na muda wa kupeleka pete kwenye namba ya kweli? Wa kulala nyuma ya kichuguu kwenye baridi ya asubuhi anao. Wa nyika saa tano anao muda ila mazigazi hayamruhusu.

Pia wapigaji wa shabaha za karatasi kwa umbali usiobadilika, wale wanaolala chini na kuchomeka zumu mwisho siku nzima, bapa la pili linawafaa sana. Msalaba haunenepi, haufuniki duara dogo la katikati. Ndugu zangu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na shabaha ndiyo imebaki, wengi wenu mko kundi hili hata kama duka linawaambia vingine.

Kuhusu bei na uzito sina mengi. Kwa skopu za ngazi moja, ya bapa la kwanza mara nyingi ni ghali zaidi na nzito zaidi. Skopu kama Viper PST Gen II ya Vortex ya 5 hadi 25 imetengenezwa kwa namna zote mbili, hivyo ukizipata duka moja, ziweke sambamba. Ila usijaribu saa saba mchana ukitazama bango la barabarani. Mchana kila skopu ni nzuri. Mwombe muuzaji akuruhusu utoke nje magharibi, uweke namba ndogo, uelekeze kwenye kichaka cheusi. Kama umevuka miaka hamsini kama mimi, fanya hivyo bila miwani na ukiwa nayo.

Basi, nilivyomwambia mpwa wangu ni hivi. Msimu huu tumia skopu uliyonayo. Kila ukiinua bunduki kwa mnyama, hata usipofyatua, soma pete uandike kwenye simu: namba, umbali, ulilenga kwa kati au kwa alama. Nikamwonya pia asiinue bunduki kuchungulia chungulia watu mlimani, darubini ya mkononi ipo kwa kazi hiyo. Ukifika mwisho wa msimu tazama orodha. Namba ndogo tupu na kati tupu, bapa la pili, tena lenye msalaba mnene wa kuonekana. Namba zinazorukaruka na alama zinatumika, bapa la kwanza, na ulipie bila kunung'unika. Namba kubwa tupu na alama zinatumika, lolote, ila la pili litakuokolea fedha. Na kama orodha imechanganyika, angalia risasi ipi ingekuuma zaidi kuikosa, ununue kwa ajili ya hiyo.

Mwezi wa kumi na mbili akaniletea orodha. Mara tano aliinua bunduki kwa elki, kulungu wakubwa wa huko: 4, 4, 6, 4, zote ndani ya misonobari minene ambako hata mita 90 hazifiki, zote kwa kati. Ya tano ilikuwa 12, kuvuka bonde, mita 280, upepo umelala, akazungusha tureti akapiga kwa kati. Huyo ndiye aliyemleta nyumbani. Hakuna hata mara moja aliyogusa alama.

Akanunua SFP.

Ilipofika, nikamwambia mambo mawili kabla hajaifunga vizuri. La kwanza ni maradhi yanayoweza kuipata bapa la pili: kwa kuwa msalaba uko nyuma ya lenzi zinazosogea, skopu iliyoundwa vibaya inaweza kuhamisha mahali pa kupiga unapobadilisha zumu. Piga risasi tatu pete ikiwa chini kabisa, tatu pete ikiwa juu kabisa, shabaha moja. Mafungu mawili yakiwa yamelaliana, salama. Yakitengana waziwazi, na umerudia ukapata vilevile, irudishe dukani. La pili ni ile A4.

Juzi amenitumia picha mbili. Ya kwanza ameipiga kupitia kioo cha skopu: karatasi kwenye uzio, theluji chini, mili tatu juu ya karatasi. Kijitabu kilisema namba ya kweli ni 16, lakini kwake mili tatu zimekaa sawa pete ikiwa nywele moja chini ya 16, jambo la kawaida, namba zilizochorwa kwenye pete siyo neno la Mungu. Picha ya pili ni pete yenyewe. Ameweka kidoa chekundu mahali hasa alama zinapokuwa za kweli, na kingine cheupe kwenye 8 zinapokuwa mara mbili. Nikamuuliza rangi gani hiyo inayong'aa hivyo. Akasema ya kucha, ya mkewe, na kwamba mkewe bado hajaambiwa.